Kipimo cha malaria kina dhahabu, lakini saratani ya koo bado haina anwani

Kama umewahi kudungwa kidole pale zahanati ukangoja majibu ya malaria, basi umewahi kukaa karibu na dhahabu bila kujua. Sikutanii. Kile kistari chekundu kinachojitokeza kwenye kijiplastiki cheupe baada ya dakika kumi na tano hivi ni chembe za dhahabu, nyingi ajabu, zilizosongamana mahali pamoja. Kila moja ina upana wa nanomita 20 hadi 40. Ukitaka kupata picha, chukua zile kubwa uzipange elfu mbili bega kwa bega, na hapo ndipo zitafikia upana wa unywele mmoja wa kichwa chako.

“Lakini dhahabu si ni ya manjano?” Ile ya pete, ndiyo. Ikishakuwa ndogo kiasi hicho inacheza na mwanga kwa njia nyingine kabisa, na maji yaliyo na chembe zake yanakuwa mekundu kama Ribena. Na kabla hujaanza kukusanya vipimo vilivyotumika Kericho nzima ili uyeyushe, nikuokolee muda: dhahabu iliyomo haiwezi kukununulia hata chapati.

Sasa, dhahabu peke yake haijui malaria ni nini. Anayejua ni mwenzake aliyebandikwa juu yake, anayeitwa kingamwili. Hii ni protini ambayo mwili wako huitengeneza kila siku kupambana na wageni. Chora herufi Y. Ile mikono miwili ya juu ndiyo hushika, na hushika kitu kimoja tu, kama ufunguo unaoingia kufuli moja. Kingamwili za kipimo cha malaria zimechaguliwa kwa sababu zinashika protini iitwayo HRP2, ambayo kimelea cha Plasmodium falciparum huimwaga ndani ya damu ya mgonjwa.

Tone la damu likiwekwa pamoja na yale matone ya dawa ya maji, linatambaa kwenye karatasi na kuzibeba chembe za dhahabu zilizokuwa zimekaushwa pale. Kama HRP2 ipo, kingamwili zinaikamata. Zikifika kwenye mstari wa T, kuna kingamwili nyingine zilizogandishwa kwenye karatasi zikiwangoja. Hizo nazo zinaikamata ile HRP2 kwa upande mwingine, na dhahabu inanasa hapo hapo. Chembe zinarundikana, unaona nyekundu, nesi anakuandikia dawa. Zisizonasa zinaendelea hadi mstari wa C, ambao kazi yake ni kukuambia tu kwamba kipimo chenyewe ni kizima.

Nimeanza na malaria kwa sababu ule ujanja wa kubandika kingamwili kwenye chembe ndogo ndio ule ule unaoonyeshwa kwenye video za “dawa inayotafuta saratani yenyewe bila kugusa mwili mwingine”. Umeziona. Mpira mdogo unaong’aa unaelea kwenye mshipa, unapita seli nzuri bila kuzisumbua, unafika kwenye uvimbe, bum, umekwisha. Mimi niliacha kemia mwaka wa pili wa chuo, kwa hiyo sina shahada ya kukutisha nayo, lakini sijaacha kusoma. Na nikisoma habari hizi kitu kimoja hunirudia: kama kuna mahali ambapo dawa ya namna hiyo ingepokewa kwa nderemo, ni huku kwetu kwenye majani chai.

Kama wewe ni wa Nairobi au Mombasa, huenda hujui. Watu wa Bomet na Kericho wanajua. Saratani ya umio, ambayo wengi huiita ya koo, inatuandama vibaya. Umio ni ule mfereji wa kushusha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Ugonjwa huu una ukanda wake Afrika, unaoshuka kutoka Ethiopia kupitia Kenya na Tanzania hadi Malawi na Afrika Kusini, na nchi ya chai imekaa ndani yake.

Hospitali ya Tenwek, ile ya misheni karibu na mji wa Bomet, imeuona ugonjwa huu kuliko karibu mahali pengine popote nchini. Mwaka 2010 madaktari wake na wenzao walichapisha hesabu ambayo mimi, mtu wa miaka ishirini na kitu, sikuweza kuisoma mara moja nikaiacha. Kati ya 1996 na 2009 walikuwa wamewaona wagonjwa 1,802 wa saratani ya umio. Kati yao, 109 walikuwa na umri wa miaka 30 au chini. Mdogo kuliko wote alikuwa na miaka 14. Nchi nyingi hujua ugonjwa huu kama wa wazee. Huku unachukua watu wa rika lako na langu.

Na unavyoingia ni kimyakimya. Umio hutanuka, kwa hiyo uvimbe unaweza kukua muda mrefu kabla hujahisi chochote. Siku moja nyama inakwama. Baadaye ugali. Halafu uji. Mtu anapofika hospitalini akiwa hawezi kumeza mate, mara nyingi upasuaji umeshapitwa. Tenwek ilizoea kuwawekea wagonjwa kama hao stenti, yaani kibomba cha waya kinachofunguka chenyewe na kuuachia mfereji nafasi. Kati ya 1999 na 2008 waliwawekea wagonjwa zaidi ya 900, na daktari mpasuaji Russell White na wenzake wakaandika habari zake katika jarida la Lancet Oncology. Stenti hairefushi maisha sana. Inamrudishia mtu uwezo wa kula na familia yake kwa miezi aliyobakiza. Usidharau hilo, muulize aliyewahi kumtazama mzazi wake akitema uji.

Kisababishi? Kila mtu ana jibu lake. Chai moto ni mshukiwa mmoja: mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo pengine husababisha saratani. Kwa hiyo si chai yenyewe, ni moto wake. Utafiti uliofanywa Eldoret pamoja na Chuo Kikuu cha Moi umewaangalia wanaokunywa vinywaji vya moto sana, pombe, mursik, hata afya ya meno. Kisha mwaka 2021 wanasayansi walisoma jenomu 552 za uvimbe wa umio kutoka nchi nane, Kenya ikiwemo, wakitafuta alama ya kisababishi kimoja kinachoeleza kwa nini maeneo fulani yanaumia zaidi. Hawakuikuta. Kwa hiyo ukiambiwa na mtu sokoni Silibwet kwamba ni mursik tu, au ni mbolea tu, mwambie waliosoma uvimbe herufi kwa herufi hawajathubutu kusema hivyo.

Turudi kwenye ule mpira unaong’aa.

Kemotherapia ya kawaida inafanana na mashine ya kuchuma chai. Unazijua, zile zilizoleta vita Kericho hadi kadhaa zikachomwa moto mwaka 2023. Inapita juu ya michai na kukata kila kitu kilichofikia urefu fulani: jani changa, jani zee, kijiti. Kemotherapia nayo hukata kila seli inayogawanyika haraka. Ya saratani inakufa, na pia ya nywele, ya utumbo, ya damu. Mchumaji wa mkono ni mwingine. Vidole vyake vinajua majani mawili na chipukizi, basi. Nani aajiriwe mashambani ni ugomvi mwingine na nina maoni yangu, lakini ndani ya mwili wa mgonjwa hakuna mjadala. Tunataka vidole.

Kingamwili ndiyo vidole. Chembe ndiyo kikapu cha mgongoni. Unachukua chembe, unaijaza dawa, unaibandika kingamwili zinazoitambua seli ya saratani. Wazo lenyewe ni la kale. Daktari Mjerumani Paul Ehrlich alizungumzia “risasi ya ajabu” inayompiga adui peke yake zaidi ya karne moja iliyopita. Kilichokosekana kwa muda mrefu ni namna ya kupata kingamwili za aina moja kwa wingi, na hilo Georges Köhler na César Milstein walilitatua Cambridge mwaka 1975, wakapewa Nobel mwaka 1984.

Kubandika kwenyewe ndiko kunakonifurahisha, kwa sababu ni kazi ya mikono kama ya kiwandani. Njia rahisi, ile ya vipimo vya malaria, ni kuziacha zishikane zenyewe. Unarekebisha asidi ya maji ya dhahabu hadi kiwango ambacho protini inapenda kukaa juu ya chembe, unamimina kingamwili, unangoja. Utajuaje kama zimeshika? Unachukua kidogo unatia chumvi. Chembe zilizovikwa vizuri zinabaki nyekundu. Zilizoachwa uchi zinakimbiliana na kugandana, na rangi inageuka kuwa ya zambarau au buluu mbele ya macho yako. Jaribio la chumvi tu, msee, na linatumika kwenye maabara za maana. Baada ya hapo unaziba mianya iliyobaki kwa protini nyingine isiyo na kazi, mara nyingi ya damu ya ng’ombe, ili chembe isije ikashika kitu ambacho haikutumwa.

Ubaya wa njia hiyo ni kwamba kingamwili inajibandika vyovyote itakavyo. Kumbuka ile Y. Ikisimama kwa mguu, mikono iko huru. Ikilala chali au ikajibandika kwa mikono, haiwezi kushika chochote, ni kama mchumaji aliyefungwa mikono akapelekwa shambani. Kwenye kipimo cha malaria hasara hiyo inavumilika, maana zipo nyingi na zilizosimama vizuri zinatosha. Kwenye dawa ya kuingia mshipani ni shida. Isitoshe, zilizoshikilia tu bila kufungwa zinaweza kubanduliwa na protini nyingine zilizojaa kwenye damu.

Ndiyo maana watengenezaji wa dawa hufunga kwa kemia. Kuna kemikali iitwayo EDC inayounganisha ncha ya asidi iliyo juu ya chembe na ncha za amini zilizo kwenye kingamwili, na kifungo kinachotokea hakifunguki hivi hivi. Tatizo ni kwamba ncha za amini ziko kila mahali kwenye Y, hadi mikononi. Wajanja zaidi hutumia sukari. Kingamwili ina minyororo ya sukari kwenye mguu wake, basi unaigusa sukari hiyo tu, unaifunga hapo, na Y zote zinasimama wima. Wengine hutanguliza protini inayopenda kushika mguu peke yake. Kila njia ina gharama yake, na kila hatua unayoongeza ni hatua nyingine ya kukaguliwa kabla dawa haijamkaribia mtu.

Hapo utasema, basi imeisha, tutengeneze. Ungoje.

Kwenye kipimo cha malaria, chembe inatembea sentimita chache kwenye karatasi. Kwenye mwili wako inaingia mtoni. Ikiguswa tu na damu, protini za damu zinaiparamia na kuivika koti, na mara nyingine koti hilo linazifunika kingamwili zote ulizozipanga kwa jasho. Halafu kuna ini na wengu. Kazi yao ni kuchuja takataka, na kwao chembe yako ni takataka. Zinaimeza. Mwaka 2016 watafiti wa Toronto walikusanya tafiti za miaka kumi zilizofanywa kwa wanyama, wakauliza swali ambalo wengi walilikwepa: ya zile chembe zilizodungwa, ni ngapi hufika kwenye uvimbe? Jibu la katikati lilikuwa asilimia 0.7. Soma tena. Hata moja kwa mia haifiki. Video ya mpira unaong’aa haikuonyeshi zile nyingine zilizoishia kwenye ini.

Chembe zenye dawa zipo sokoni kitambo, sikatai. Kiputo cha mafuta kilichobeba doksorubisini kiliidhinishwa Marekani mwaka 1995, lakini hakina kingamwili. Kinategemea udogo wake na muda mrefu wa kuzunguka kwenye damu. Walipojaribu kukivisha kingamwili ya kulenga saratani ya matiti, wakakiita MM-302, jaribio kwa wagonjwa lilisimamishwa mwaka 2016 kwa sababu hakikuonekana kushinda matibabu yaliyokuwapo. Sayansi hiyo ilikuwa nzuri, Y zake zilikaa sawa, na bado mwili ulikataa.

Kinachofanya kazi leo ni binamu wa wazo hili. Kuna kingamwili zinazofungwa sumu moja kwa moja bila chembe yoyote katikati. Mojawapo, Kadcyla, iliidhinishwa Marekani mwaka 2013. Kuna kingamwili zisizobeba chochote, zinazotoa tu breki kwenye kinga yako ili ijue kupigana, na hizo zimeanza kutumika kwa saratani ya umio katika nchi tajiri. Na kuna Herceptin, ya tangu 1998, inayoshika alama iitwayo HER2.

HER2 ndiyo inayotufikisha kwenye shida ya nchi ya chai, na mimi naona ndiyo shida yenyewe. Karibu asilimia 15 hadi 20 ya saratani za matiti zina HER2 iliyozidi kupita kiasi juu ya seli. Hiyo ni anwani. Unaandika jina, barabara, namba ya nyumba, unatuma. Saratani yetu ya umio, ya aina ya seli bapa, haina anwani safi kama hiyo. Mara nyingi ina alama ya EGFR kwa wingi, sawa, lakini EGFR iko pia kwenye ngozi yako yenye afya. Ndiyo maana wanaotibiwa kwa kingamwili za EGFR huota vipele usoni. Ni kama kutuma mzigo Litein ukaandika “nyumba ya mabati”. Utafika, ndiyo. Utafika kwa nani?

Na anwani huhama. Malaria imetufunza hilo. Kuna vimelea vilivyopoteza jeni ya HRP2, vikaendelea kuishi vizuri tu. Mgonjwa ana malaria ya kumwangusha, kipimo kinasema hana, kwa sababu dhahabu inatafuta kitu ambacho kimelea kimeacha kukitengeneza. Eritrea ilipata visa vingi hivi kwamba ikalazimika kubadilisha vipimo vyake. Uvimbe wa saratani nao hucheza mchezo huo: unaua seli zenye alama, zisizo na alama zinabaki na kuzaana.

Kwetu, kipimo cha haraka si jambo la mzaha. Kericho iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na watu wa milimani hawana kinga ya malaria kama wa ziwani, kwa hiyo ikizuka inazoa. Ilizoa miaka ya 1940, ikarudi kwa nguvu kwenye mashamba ya chai miaka ya 1990. Wanasayansi wa dunia nzima walibishana kama ni joto au ni dawa zilizochoka, hadi Judith Omumbo na wenzake walipochukua vipimo vya kituo cha hali ya hewa cha Kericho na kuonyesha mwaka 2011 kwamba joto lilikuwa linapanda kwa nyuzi 0.2 hivi kila miaka kumi. Leo KEMRI ina kipimo chake yenyewe cha malaria, Plasmochek. Kumbe kubandika kingamwili kwenye chembe kunawezekana hapa hapa nyumbani. Hakuhitaji Boston.

Hata uvumilivu wa joto umeshatatuliwa, kwa sehemu. Kingamwili ya kudungwa hulala kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na stima ikikatika siku mbili dawa ya mamilioni inaharibika. Ile ya kipimo cha malaria imekaushwa pamoja na sukari inayoishikilia isipoteze umbo lake, ndiyo maana inasafiri kwa bodaboda juani na bado inafanya kazi. Na kwa upande wa chembe zenye dawa, jirani zetu wamekuwa kazini muda mrefu. Profesa Hulda Swai wa Tanzania aliongoza utafiti wa nanotiba huko CSIR, Afrika Kusini, akifungasha dawa za kifua kikuu ndani ya chembe, kabla ya kurudi kwenye taasisi ya Nelson Mandela, Arusha. Na hili nalo cheki: kemikali zile zile zinazoipa chai ukali wake zinaweza kuigeuza chumvi ya dhahabu kuwa chembe, bila kemikali kali za maabara. Mtu wa Chuo Kikuu cha Kabianga akiamka vibaya asubuhi anaweza kujaribu na majani ya nje ya dirisha lake.

Pesa ndiyo nyingine. Herceptin, ambayo ni kingamwili tupu, ilikuwa ikigharimu shilingi 120,000 kwa awamu moja hapa Kenya, na mgonjwa huhitaji awamu nyingi. Makubaliano ya 2025 kati ya serikali na kampuni ya Roche yaliishusha hadi 40,000, zinazolipwa na SHA. Hiyo ni dawa ya zaidi ya robo karne. Piga hesabu ya dawa mpya yenye kingamwili, chembe, sumu na kemia ya kuvifunga vyote, halafu mwambie mchumaji anayelipwa kwa kilo.

Kwa hiyo nikiulizwa pesa ya utafiti ikipatikana Bomet iende wapi kwanza, sitasema kwenye mpira unaong’aa. Ningeanza na anwani. Vipande vya uvimbe viko Tenwek, viko Eldoret, ni vya watu wetu. Nani anavisoma akitafuta alama iliyo kwenye saratani hii na isiyo kwenye ngozi? Aliyeshika hiyo ndiye atakayeamua dawa ya kesho itatengenezwa kwa ajili ya nani.

Wakati huo unangojwa, kuna ulengaji mwingine unaofanyika Tenwek, na wala hauhitaji Nobel. Daktari mpasuaji Michael Mwachiro na wenzake waliwaendea watu wazima 305 wa eneo hilo ambao hawakuwa na dalili yoyote, waliokuwa wakimeza vizuri na kwenda shambani kama kawaida. Wakawaangalia umio kwa kamera na kunyunyizia ayodini. Matokeo yakachapishwa 2016: asilimia 14.4 walikuwa na seli zilizoanza kuharibika, hatua inayotangulia saratani. Karibu mtu mmoja kati ya saba.

Namna inavyofanya kazi ni rahisi hadi inaudhi. Seli nzima za umio huhifadhi sukari, na ayodini ikikutana nayo inageuka kahawia, kama ile ya jaribio la wanga mliofanya shule ya msingi, tu rangi ni nyingine. Seli zilizoharibika zimemaliza sukari yake. Kwa hiyo daktari anapuliza, anangoja kidogo, na kwenye skrini umio mzima unageuka rangi ya chai ya rangi. Isipokuwa kidoa kimoja kilichobaki kweupe. Hapo ndipo anapokata kipande kiende maabara.

Kama wewe, au mama, au mjomba aliyeanza kulowesha ugali kwenye mchuzi mwingi na kusema ni meno, mnahisi chakula kinakwama, hata kama ni nyama tu, hata kama ni mara moja kwa wiki, ulizia kamera. Usisubiri uji ukwame.